Mshororo wa Chini: Kuisoma Menyu ya Baa

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kunikuta nikihangaika na diwani, na mara mojamoja na tafsiri za mashairi ya kigeni. Leo naomba ruhusa nihakiki matini ya aina nyingine. Ni fupi, imechapwa kwenye karatasi ngumu inayong'aa, haitaji jina la mtunzi, na kwa kukisia kwangu hupata wasomaji wengi zaidi kwa msimu mmoja kuliko diwani zote zilizotoka hapa Mvita tangu nilipobaleghe. Nakusudia menyu ya vinywaji ya baa katika hoteli ya kifahari.

Swali litakaloulizwa barazani nalijua: "Na wewe baa ulifuata nini?" Nilifuata kazi. Mwaka juzi hoteli moja ya pwani ya kaskazini, ng'ambo ya daraja la Nyali, ilitaka menyu yake ya vinywaji ifasiriwe kwa Kiswahili, na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa mhudumu pale, akanitaja kwa meneja. Mimi sikupata chuo. Kiingereza changu nilikiokota katika kamusi iliyong'oka jalada na katika vitabu vya mitumba vya Marikiti, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwanga wa taa ya mafuta. Mtu wa namna hiyo akialikwa kwenye jengo lenye sakafu ya marumaru, akakalishwa katika ofisi yenye ubaridi na kuitwa "Mwalimu", hakatai. Sikukataa. Nilipewa siku 5, nusu ya ujira mkononi, na nakala ya menyu yenye kurasa 6.

Nimengoja kuandika haya mpaka mpwa wangu alipoacha kazi pale. Sababu yake itaonekana.

Tuanze na fani, kwani menyu ile ina fani. Kila kinywaji kimepewa mshororo mmoja wenye vipande viwili, kama tarbia zetu: ukwapi ni jina, utao ni bei. Chini ya mshororo yako maelezo mafupi kwa herufi za mlazo. Majina mengi yalikuwa tayari ya Kiswahili kabla sijafika. Kulikuwa na 'Machweo', kulikuwa na 'Kaskazi', kulikuwa na 'Jahazi'. Na bila shaka kulikuwa na 'Dawa', kwani sijui baa ya watalii katika nchi hii isiyo nayo.

Hiyo 'Dawa' yastahili tusimame nayo kidogo. Ni vodka iliyotiwa ndimu, sukari, barafu na asali, na asali hiyo huja imeganda kwenye kijiti ambacho mnywaji hukorogea. Ilipata umaarufu katika mkahawa wa Carnivore wa Nairobi, uliofunguliwa 1980, na wenye fani hiyo husimulia kwamba asili yake ni kinywaji cha Brazil kiitwacho caipirinha. Jina, lakini, ni letu. Nyanya zetu wakisema dawa walikusudia mwarubaini unaochemka, au kombe iliyoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya marashi. Ndimu na asali zilikuwamo, naam, lakini kwa kifua kinachobana. Mtu aliyekipa kileo jina hilo alikuwa na sikio. Alijua kwamba neno la tiba humwondolea mnywaji haya ya kuagiza cha pili. Kama mhakiki namvulia kofia. Kama mjukuu wa nyanya yangu siwezi.

Maelezo ya vinywaji ni dhaifu zaidi. Ukwaju wa 'Kaskazi' ulielezwa kuwa "umechumwa kwa mikono". Ukwaju hauchumwi hivyo. Mti hutikiswa au hupigwa fimbo, na watoto huokota. Pasheni ya 'Machweo' ilikuwa "imebusiwa na jua la Bahari ya Hindi", ingawa mpwa wangu aliniambia inakuja kwa lori kutoka bara, imefungwa kwenye makasha. Sikumlaumu mwandishi kwa hilo. Malenga wetu nao wamekwisha kuwapa wapenzi wao shingo za twiga. Nilichokuwa nikitafuta ni mahali ambapo sifa na jambo linalosifiwa vinakutana, na sikukipata kwa kurasa 4 za mwanzo. Hata hivyo nilifasiri, na nikatia chumvi yangu. 'Jahazi' nililiandikia maneno ambayo, nikiyasoma leo, naona yalikuwa mazuri kupita kiasi.

Bei nazo zina ufundi wake. Ziliandikwa kwa tarakimu tupu: 1,200, 1,450, 1,800. Neno shilingi halikuwapo, wala alama yake. Nilidhani ni usahaulifu, kumbe ni elimu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika mkahawa: wateja waliopewa menyu yenye tarakimu peke yake walitumia fedha nyingi zaidi kuliko waliopewa menyu yenye alama ya dola au neno dola. Kwa hiyo mtu asione pengo hilo akadhani mpiga chapa amekosea. Kilichoondolewa pale ni kitu kinachomkumbusha msomaji mfuko wake.

Je, bei hizo ni ghali? Ni ghali. Glasi moja ya ukwaju uliotiwa barafu na jani la mnanaa kwa 1,200, wakati dafu la njiani halifiki shilingi 100, ni jambo la kumfanya mtu wa Kibokoni aombe kiti. Lakini naomba tusikawie hapa. Aketiye pale hanunui ukwaju tu. Ananunua upepo, kiti cha mkeka, umeme wa kugandisha barafu, leseni, mlinzi wa mlangoni na bahari iliyo mbele yake, ambayo hata hivyo si ya hoteli. Bei imeandikwa mbele ya macho yake. Anayeona 1,200 akaagiza amekubaliana na mtunzi, kama vile msomaji anavyokubali kwamba nyoka wa hadithini anasema. Mimi mhakiki sina ugomvi na ghali. Ugomvi wangu uko kwenye ukurasa wa 6, chini kabisa, chini ya mstari mwembamba, kwa herufi ambazo ukubwa wake ni nusu ya zile za juu.

Pale palikuwa na mshororo mmoja wa Kiingereza usio na pambo lolote. Ulisema kwamba bei zilizotajwa hazikujumuisha ada ya huduma ya 10%, kodi ya ongezeko la thamani ya 16%, na tozo ya utalii ya 2%.

Katika tarbia, kibwagizo hurudi mwishoni mwa kila ubeti na kila mtu hukisikia. Hiki kilikuwa kibwagizo kinachoandikwa mara moja tu, mahali pasipotazamwa, kisha kikaitikiwa kimya kimya na kila mshororo wa juu. Jumlisha mwenyewe: 10 na 16 na 2 ni 28. Kila tarakimu niliyoifasiri kwa siku 4 ilikuwa pungufu kwa zaidi ya robo. Yaani sikuwa nikifasiri bei. Nilikuwa nikifasiri utangulizi wa bei.

Madeni hayo 3 hayafanani, na kuyafunga katika mshororo mmoja ndio ujanja wenyewe wa kifani. Kodi ya 16% kila mtu anaijua. Hata mwenye duka la simu huitoza. Ile 2% ina historia ya heshima. Ilianzishwa 1972 kwa ajili ya kuendeleza utalii na kufunza wafanyakazi wake, na Chuo cha Utalii cha Nairobi, kilichofunguliwa 1975, kimelishwa na fedha hiyo. Ukitaka kuuliza imeenda wapi, waweza kuonyeshwa jengo, na waweza kuonyeshwa mpishi aliyehitimu humo. Iliyobaki ni ile 10%, na hapo ndipo kalamu yangu ilipokwama siku ya 5 nzima.

Niliandika kwanza "ada ya huduma", kisha nikaitazama na kuona haya. Ada, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mazoea, jambo lililozoeleka mpaka halihitaji kutangazwa. Na katika Kiswahili chetu ada ni malipo ya mila. Kungwi ana ada yake, mganga ana ada yake, fundi wa ngoma ana ada yake, na kila anayewaita anaijua kabla ya kuwaita. Tazama kifungua mlango siku ya harusi. Bwana harusi amefika na jamaa zake, mlango umefungwa, wanawake wamesimama nyuma yake wakicheka, na kiasi kinatajwa kwa sauti. Pale pana kushindana, pana matani, pana kupunguziana, na mwisho fedha inahesabiwa mbele ya watu. Ni malipo ya lazima, hakuna bwana harusi aliyeingia bila kuyatoa, lakini hakuna aliyeyagundua baada ya kuingia. Neno ada limekaa katika mazingira hayo kwa vizazi. Kuliweka kwenye mstari wa herufi ndogo chini ya ukurasa wa 6 ni kulivisha nguo isiyo yake.

Nikajaribu bakshishi. Neno hili lilitujia kutoka Uajemi, ambako kitenzi chake hubeba maana ya kupa na pia ya kusamehe, na Waarabu na Waturuki wamelitumia njiani. Bakshishi ni kitu anachokitoa mwenye nacho kwa hiari yake. Wafaransa huita pourboire, yaani cha kunywea, na Wajerumani Trinkgeld, fedha ya kunywa. Sisi husema ya chai, ingawa chai yetu imekwisha kuchafuka kwa kutajwa sana kwenye vizuizi vya barabarani. Watu wote hawa wamefikiri jambo moja: mtu amekuhudumia, ana kiu, mpe akanywe. Au twende nyumbani zaidi, kwenye taarabu. Mwimbaji anafika mahali neno linamchoma mtu, mtu anainuka na noti mkononi, anacheza mpaka mbele, anatunza, anarudi kwenye kiti chake. Kadi ya mwaliko haikuandika popote kwamba 10% ya kutunza itakatwa mlangoni. Ingeandika hivyo, noti hizo zingebaki noti tu. Kwa hiyo bakshishi nayo haikufaa. Kinachotozwa na mashine si bakshishi.

Nilipoona maneno yananishinda nikaenda kuisoma sheria, nikidhani nitapata istilahi. Nikapata kubwa zaidi. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya Kenya, ya mwaka 2013, inazungumzia jambo hili hili. Inasema ada ya huduma ya hoteli au mkahawa inayolipwa badala ya bakshishi haitahesabiwa katika thamani inayotozwa kodi, kwa masharti mawili: igawiwe moja kwa moja kwa wafanyakazi kwa mujibu wa mapatano ya maandishi kati yao na mwajiri, na isizidi 10% ya bei ya huduma. Badala ya bakshishi. Maneno hayo matatu ndiyo ufunguo wa matini nzima, na menyu haikuyataja.

Jioni ile nikamwambia mpwa wangu nataka kuiona bili. Bila bili nilikuwa mhakiki aliyesoma jalada. Nikaenda na rafiki yangu mmoja, mtunzi mwenzangu, tukaagiza ukwaju glasi mbili, 'Kaskazi' isiyo na kileo, tukakaa kama watu wazima wenye nafasi. Ukwaju ulikuwa mzuri, nauandikia hivyo kwa haki. Kisha ikaja karatasi katika kijitabu cha ngozi. Vinywaji viwili, 2,400. Ada ya huduma, 240. Kodi, 384. Tozo, 48. Jumla, 3,072. Na chini ya jumla, mstari mtupu wenye neno la Kiingereza la bakshishi na nukta zinazomsubiri mtu ajaze.

Isome tena polepole, kama tunavyosoma ubeti wenye mzungu ndani yake. Mstari wa pili unatoza kitu badala ya bakshishi. Mstari wa mwisho unaomba bakshishi. Ikiwa cha kwanza kimekaa badala ya cha pili, cha pili kinaombwa kwa hoja gani? Na tazama kodi. 16% ya 2,400 ni 384 kamili. Wangeitoza kodi na ile 240, ingekuwa 422.40. Hawakuitoza. Maana yake, kwa hesabu yake yenyewe, ile karatasi ilikuwa ikishuhudia kwamba masharti ya sheria yametimizwa na kwamba shilingi 240 zile zinakwenda moja kwa moja kwa wahudumu. Tarakimu zilikuwa zikisema kiapo ambacho maneno yalikwepa.

Nikamuuliza mpwa wangu, tukiwa kituoni tukingoja matatu: "Hiyo 10% hukufika?"

"Mjomba," akasema, "wanaopata ni wale wenye mkataba. Mimi ni kibarua, mwezi wa 8 huu. Jina langu halimo kwenye karatasi ya mgao."

Nimejilazimisha kuwa mwadilifu hapa. Sheria ilisema kwa mujibu wa mapatano ya maandishi, na kijana asiye na mapatano ya maandishi ameanguka katikati ya maneno hayo. Huenda wenzake wa kudumu walipata chao hadi senti. Lakini mgeni aliyelipa 240 alimlipia nani? Alimlipia aliyemletea glasi. Na aliyemletea glasi alikuwa kijana wangu, ambaye kitu pekee kilichomfikia mkononi ni kile kitakachoandikwa, au kisichoandikwa, kwenye nukta za mwisho.

Na nukta hizo kila mgeni huzisoma kwa mazoea ya kwao. Mmarekani huzijaza kwa ukarimu, kwa sababu kwao sheria ya shirikisho inaruhusu mtumishi wa bakshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991, na kila mtu anajua kwamba mengine yanatoka mezani. Mfaransa huacha sarafu kidogo, au haachi, kwa sababu tangu 1987 bei inayotangazwa Ufaransa inapaswa kuwa imejumuisha huduma. Aonavyo yeye, bei ni bei. Mwingereza amezoea 12.5% inayoitwa ya hiari, iliyokwisha kujumlishwa, ambayo waweza kuomba iondolewe ukiwa na moyo wa kusema hivyo mbele ya wageni wako. Huko nako ilibidi watunge sheria ili neno lirudi kwenye maana yake. Hadi Oktoba 2009 mwajiri aliweza kuitumia bakshishi kufidia kima cha chini cha mshahara, na ni sheria ya 2023, iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024, iliyomwamuru awape wafanyakazi bakshishi na ada za huduma zote bila makato. Singapore wamefika kilele cha ufupisho: bei hufuatwa na alama mbili za kujumlisha, ++, moja ya huduma na moja ya kodi. Sijaona popote kwingine misalaba miwili midogo ikibeba mzigo mkubwa namna ile.

Basi nikarudi mezani nikafasiri mshororo wa chini. Nimeuhifadhi, na kwa kuwa hakuna mahali pengine ulipochapwa, nauweka hapa:

"Bei hizi si kamili. Kwa kila shilingi 100 utaongezewa shilingi 28: 16 ni kodi ya serikali, 2 ni tozo ya utalii, na 10 zimewekwa badala ya bakshishi ya wanaokuhudumia. Ukizilipa hizo, hudaiwi bakshishi nyingine."

Nikapendekeza uwekwe mwanzoni mwa ukurasa wa kwanza, kwa herufi zile zile za vinywaji. Nikaona nimefanya kazi ya mtu mzima. Nikampa mpwa wangu ausome kwanza, kwa majivuno zaidi kuliko kwa haja ya ushauri.

Aliusoma mara mbili. Akaweka kidole kwenye sentensi ya mwisho. "Hii, mjomba, ukiwaambia hivi hawataniachia kitu."

Sikuwa nimeliona hilo. Siku 5 nilikuwa nikitafuta uaminifu wa tafsiri, nikaupata, na uaminifu huo ulikuwa unakula chakula cha mtoto wa dada yangu. Matini ilikuwa imejengwa kwa namna ambayo anayeishi kwa giza lake si mwenye hoteli peke yake. Mgeni akidanganyika analipa mara mbili. Asipodanganyika, kibarua anakosa. Nikajaribu kuibadilisha sentensi: "Muulize anayekuhudumia kama zile 10 humfikia." Akacheka. "Niulizwe hivyo, na meneja amesimama kaunta, nijibu nini?" Nikaifuta hiyo pia. Nikabaki na sentensi mbili za mwanzo, zilizo kweli na zisizosema yote, na hizo ndizo nilizopeleka. Nimeuchapa hapa mshororo kamili kwa sababu hana tena cha kupoteza pale. Siku ile alikuwa nacho, na mimi nilinyamaza. Atakayeniambia kwamba mhakiki hana haki ya kunyamaza, nitamsikiliza, lakini naomba kwanza aniambie ana wapwa wangapi kazini.

Meneja, kwa kweli, alikuwa mtu wa adabu. Aliagiza chai ikaletwa. Alizisifu tafsiri za vinywaji, akalisoma lile la 'Jahazi' kwa sauti, akafika kwenye mshororo wa chini uliopanda juu, akatabasamu. Akasema, "Mwalimu, huu hatukuuhitaji. Wageni wetu wengi hawasomi Kiswahili. Tumekitaka kwa ajili ya ladha." Nikamuuliza kama wageni hawakisomi, mbona tunaandika kurasa 5 na nusu kwa Kiswahili? Akajibu kwa upole kwamba kurasa hizo ni mapambo, na ule ni mambo ya hesabu.

Nimelifikiria jibu lile kuliko mashairi mengi niliyopata kuyasoma. Sidhani alikusudia kutukana. Alisema tu kwa uwazi mpango wa matini yake, na mpango huo ukishaambiwa unauona kila mahali: kwenye mabango ya uwanja wa ndege, kwenye vyumba vilivyopewa majina ya miji yetu, kwenye karibu iliyochongwa mlangoni. Kiswahili kinaitwa kuja kukaribisha, kuja kuburudisha, kuja kuita kileo dawa. Inapofika saa ya kumwambia mtu atakachodaiwa, kinaombwa kipumzike. Na wasomaji wake wako. Hoteli hizo zina wageni kutoka Nairobi, kutoka Arusha, kutoka Dar es Salaam; kuna jamaa zetu wa Maskati wanaorudi likizo na watoto wao; kuna bwana na bibi harusi wa Changamwe waliodunduiza mwaka mzima kwa usiku mmoja. Hao ndio ambao 672 za ziada zinawagusa. Mzungu mstaafu hazimgusi.

Tumekuwa tukijipongeza, nami nimo, kwamba lugha yetu inatumika katika biashara kubwa. Tungekuwa tunauliza pia imepewa kazi gani humo. Mtu anayeitwa kuimba harusini kila wiki lakini haitwi siku ya posa, wakati mahari yanatajwa, anajua daraja lake katika ukoo ule.

Sikuchukua nusu ya pili ya ujira. Si kwamba niliikataa kwa ushujaa; niliambiwa nirudi nikishaondoa mshororo ule, na sikurudi. Tafsiri za vinywaji walikuwa nazo tayari, wakazitumia. Mpwa wangu alifanya kazi miezi mingine 5, karatasi ya mgao ikaendelea kupita bila jina lake, na mwaka huu amekwenda Doha, hoteli nyingine, mkataba wa miaka 2, safari hii umeandikwa.

Mwezi uliopita yule rafiki yangu mtunzi alinipitishia nakala ya menyu mpya, aliyoipata kwa jamaa yake. Maneno yangu yote yamo, yamechapwa vizuri, hata lile la 'Jahazi' halikupunguzwa neno. Vinywaji vimepanda, 'Kaskazi' ni 1,500. Nikageuza kutafuta mshororo wa chini kwenye ukurasa wa 6, sikuuona. Nikageuza jalada la nyuma, ambako kuna picha ya jahazi limekunja tanga magharibi inapoingia. Umo mle, ndani ya maji ya picha, kwa Kiingereza, kwa wino wa kijivu juu ya bluu. Ilinibidi niazime miwani ya mke wangu.